Kuvuka Rusumo ukiwa na karatasi zako: mwongozo wa kwenda Kigali kutembea, kuhamia au kufungua biashara

Kila ninaporudi Kahama kutoka Kigali namkuta mtu ananisubiri na maswali. Ni kweli mwanamke anatembea saa nne usiku simu ikiwa mkononi? Ndiyo, natembea. Ni kweli kampuni inasajiliwa bure, kwenye mtandao, bila kumjua mtu yeyote? Ndiyo, ni kweli. Basi mtu anasimama pale pale na kusema anakwenda wiki ijayo. Hapo ndipo ninamkalisha chini.

Utulivu wa Rwanda unatengenezwa kila siku na watu wanaofuata utaratibu, na mgeni anaingizwa kwenye utaratibu huo tangu anapokanyaga mpakani. Ukija na karatasi zako zimekamilika, milango inafunguka kwa namna ambayo sisi wa huku hatujaizoea. Ukija na mazoea ya "tutaongea hapo hapo", utalala Rusumo, pale mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mimi nimewahi kulala huko siku mbili, na nitaeleza ilivyokuwa. Nimeandika hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi kabla ya safari yangu ya kwanza.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kama nani

Anayekwenda kutembea, anayehamia na anayefanya biashara wanapita dirisha moja la uhamiaji, lakini sheria zao haziko sawa, na makosa mengi huanzia hapa. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Raia wa Jumuiya hahitaji kulipia viza, anagongewa muhuri wa ziara wa hadi miezi 6. Watu wengi wakiona muhuri huo wanadhani wameshapata ruhusa ya kila kitu. Muhuri wa ziara haukupi haki ya kuajiriwa. Ukipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90, kanuni za Soko la Pamoja la Jumuiya zinakutaka uombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba. Rwanda ni miongoni mwa nchi za Jumuiya zilizoondoa ada ya kibali hicho kwa raia wenzao. Ada ndiyo iliyoondolewa, kibali chenyewe bado unatakiwa kuwa nacho.

Mtanzania abebe pasipoti. Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa kwa makubaliano ya nchi zao na Rwanda, nasi huwasikia wakijisifu ndani ya basi, lakini usiige. Weka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndani ya pasipoti ili usianze kupekua begi mbele ya foleni.

Na kabla hujauza ng'ombe upate mtaji, pima soko. Rwanda ina ukubwa wa kilometa za mraba 26,338, kama theluthi moja tu ya mkoa wa Tabora, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Wengi wao ni wakulima wadogo, na fedha ya kununua vitu vya anasa iko mikononi mwa watu wachache wa Kigali. Mtu aliyezoea Kariakoo, ambako mteja wa Lubumbashi, wa Lilongwe na wa Bukavu wanagongana dukani kwako, ataliona soko hili ni dogo. Anayefaulu ni yule anayeleta kitu ambacho hakipo au kipo lakini hakina ubora, kisha akakaa nacho kwa subira.

Hatua ya 2: Pakia, kisha pakua tena

Mifuko ya plastiki Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Sisi bado tuna vile vifuko vyepesi vya kufungia karanga na dagaa. Kule mpakani vinatolewa. Niliwahi kumwona mama mmoja wa Mwanza amechutama kando ya basi, anamimina dagaa wake pakiti kwa pakiti kwenye karatasi ya kaki, mikono inanuka ziwa, huku dereva anapiga honi. Fungasha kwenye kaki, kikapu au mfuko wa kitambaa kabla ya kuondoka nyumbani.

Mitumba usithubutu kuibeba kama bidhaa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ikavumilia hata Marekani ilipoiondolea nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru mwaka 2018. Vipodozi vya kuchubua ngozi, yaani mkorogo wa aina zote, vinakamatwa mpaka madukani. Shisha ilipigwa marufuku tangu mwishoni mwa mwaka 2017.

Hatua ya 3: Safari na mpaka

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni takriban kilometa 1,500: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kisha Lusahunga na Benaco hadi Rusumo. Kwa basi ni zaidi ya saa 24. Kama una fedha na huna muda, RwandAir inaruka moja kwa moja. Lakini mfanyabiashara ningependa apite barabarani angalau mara moja, aone malori yaliyopangana, kwa sababu shehena nyingi ya Rwanda hupitia bandari ya Dar, na bei utakayoikuta Kimironko, soko kubwa la Kigali, imebebwa na hayo matairi. Ukishaona urefu wa njia hii hutashangaa tena kwa nini sabuni ni ghali kule.

Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpakani. Hugongewi upande wa Tanzania. Unavuka daraja kwanza, na ndani ya jengo moja upande wa Rwanda unakuta afisa wa Tanzania anakutoa na wa Rwanda anakuingiza. Daraja jipya na vituo vyake vilijengwa kwa msaada wa Japani, na Marais Magufuli na Kagame walivizindua Aprili 2016. Chini yake Kagera inaporomoka kwenye maporomoko ambayo sasa yanazalisha umeme wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katikati ya mauaji ya kimbari, ndani ya siku moja hivi, takriban watu robo milioni walivuka daraja lililokuwepo hapa wakikimbilia Ngara. Benaco, pale tunaposhuka kunywa chai, paligeuka kuwa mji wa mahema. Anayesema Rwanda ni nchi tulivu inafaa ajue ilikotoka, na kwamba tangu hapo umepita umri wa mtu mzima mmoja tu.

Ukishavuka, fanya mambo mawili. Rudisha saa nyuma kwa saa moja, maana Kigali ikiwa saa mbili, Dar ni saa tatu. Na kama unaendesha, hamia kulia. Basi au lori letu lina usukani kulia na huko barabara ni ya kulia, hivyo kulipita gari jingine kunataka utulivu mkubwa. Kamera za mwendo kasi zipo nyingi, na faini inakufuata kwa namba ya gari.

Hatua ya 4: Mzigo wako uthibitishe ulikotoka

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha za wadogo zinapopotelea.

Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya. Watu wanaisikia sentensi hiyo na kuishia hapo. Sehemu inayofuata inasema: ukiweza kuthibitisha kuwa imezalishwa ndani ya Jumuiya. Kuna cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti chake rahisi, kinachotolewa na forodha mpakani, na kimetengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kama sisi, hasa akina mama. Kwa mazao ongeza kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea. Upande wa Rwanda mazao hukaguliwa na RICA, mamlaka yao ya ukaguzi, na vyakula vilivyosindikwa pamoja na vipodozi huwa chini ya mamlaka yao ya chakula na dawa.

Safari yangu ya kwanza nilibeba magunia 15 ya mchele wa Kahama, mchele safi, nimeupepeta mwenyewe. Ili kupunguza gharama niliufunga kwenye mifuko iliyotumika, ile ya mchele wa nje yenye maandishi makubwa na picha ya bonde la mpunga la Asia. Wakala niliyempa kazi ya karatasi akaandika uzito wa kukadiria. Mzani wa mpakani ukatoa uzito mwingine. Afisa alichovya kiganja ndani ya mfuko, akanusa, akaniangalia kwa upole kabisa: "Dada, mchele naamini ni wa kwenu. Lakini mfuko hausemi hivyo, na karatasi hii haisemi uzito huu."

Hakuomba kitu. Nilikuwa nimeshaandaa noti mfukoni, nimezikunja mara nne, na nashukuru sikuzitoa, kwa sababu wenzangu waliniambia baadaye ningeishia wapi. Nililala Rusumo siku mbili nikisubiri karatasi zirekebishwe, nikilipia ulinzi wa mzigo, mteja wangu wa Kigali akanunua kwa mtu mwingine. Tangu hapo mifuko yangu ni mipya, myeupe, imeandikwa zao na mahali lilipotoka, na mzigo unapimwa Kahama kabla karatasi haijaandikwa. Wakala mzuri ni yule anayekuja kuuona mzigo kabla ya kushika kalamu. Akikwambia "wewe niachie tu mimi," tafuta mwingine.

Kwenye kipimo cha rushwa cha Transparency International cha mwaka 2024 Rwanda ilipata alama 57 kati ya 100, sisi 41; alama zikiwa nyingi, rushwa ni ndogo. Kwa mchuuzi tofauti hiyo ina maana moja ya moja kwa moja: bajeti ya "chai" ifute, na fedha hiyo iweke kwenye karatasi sahihi.

Hatua ya 5: Siku tatu za kwanza

Basi litakushusha Nyabugogo. Ni stendi kubwa, ina kelele kama stendi zetu, na ndipo mahali pekee ambapo ningekwambia ushike begi lako vizuri. Nunua laini ya simu kwa pasipoti, ufungue MoMo, akaunti ya fedha kwenye simu, siku hiyo hiyo, kwa maana karibu kila kitu Kigali kinalipwa kwa simu, kuanzia mboga hadi nauli ya pikipiki. Basi la mjini linatumia kadi ya kugusa. Bodaboda wanaiita moto. Dereva ana kofia mbili, moja yake na moja yako, na hatawasha pikipiki hadi uivae. Abiria ni mmoja tu. Ukija na mwanao, ni moto mbili au teksi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kitakufaa sana Nyabugogo, kwa madereva, na zaidi ya kote Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Waislamu ambako Kiswahili kilifika na askari na wachuuzi tangu wakati wa Mjerumani, Rwanda ilipokuwa koloni moja na Tanganyika. Biryogo jioni, kwenye ile mitaa iliyopakwa rangi na kuzuiwa magari yasipite, utakunywa chai ya nanaa na kusikia "karibu dada" kama uko Ujiji. Lakini ofisini wengi watakujibu kwa Kiingereza, na sokoni bibi mwenye viazi anajua Kinyarwanda tu. Jifunze machache: muraho, salamu kwa usiyemwona siku nyingi au mgeni, mwaramutse asubuhi, mwiriwe kuanzia mchana, murakoze, asante, ni angahe, ni bei gani. Saa wanazihesabu kama sisi, saa mbiri ni saa mbili asubuhi, hilo litakupa raha.

Neno moja litakugharimu usipoliangalia: ejo. Maana yake ni jana, na maana yake ni kesho. Mteja akikwambia fedha ni ejo, muulize tarehe.

Hatua ya 6: Utani wetu uache Benaco

Sisi tumelelewa kwenye utani wa makabila. Msukuma na Mzaramo wakikutana msibani wanachekeshana hadi maiti inasindikizwa kwa kicheko. Swali la "wewe kabila gani?" kwetu ni mlango wa urafiki. Rwanda usiliulize. Usilidokeze, usibashiri kwa pua wala kwa kimo cha mtu, usilitumie kama utani hata na rafiki wa miaka. Mwaka 1994, kwa takriban siku 100, watu kati ya laki nane na zaidi ya milioni moja waliuawa, wengi wao Watutsi, na kitambulisho chenye jina la kabila ndicho kilichoonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani. Vitambulisho vya leo havina sehemu hiyo, na sheria inaadhibu kauli zinazochochea itikadi ya mauaji ya kimbari. Lakini hata bila sheria: muuza duka unayetaniana naye anaweza kuwa ndiye aliyebaki peke yake kwao.

Kabla ya kufanya jambo lolote kubwa Kigali, nenda Gisozi, kwenye kumbukumbu walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Kuingia ni bure. Nenda asubuhi, zima simu, na usipange mkutano wa biashara mchana wake. Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023. Wiki ya maombolezo inaanza tarehe 7 Aprili kila mwaka. Muziki wa starehe, harusi na matangazo ya kelele havipo. Usifungue duka jipya wiki hiyo, na usishangae rafiki yako akinyamaza ghafla.

Hatua ya 7: Nyumba, mudugudu na jembe

Dalali wa nyumba huitwa komisiyoneri. Wapo waaminifu na wapo wanaokuonyesha chumba kisicho chao, kama kwetu. Faida moja ya Rwanda ni kwamba viwanja vyote viliandikishwa, kila kimoja kina namba yake inayoitwa UPI. Muombe mwenye nyumba namba hiyo kabla ya kutoa kodi, ulinganishe na jina lake. Anayekasirika kwa kuulizwa, muache na nyumba yake. Umeme ni wa kulipia kabla kama LUKU, wao wanauita cash power. Huduma nyingi za serikali, kuanzia vibali hadi malipo ya vyeti, zinaombwa kwenye mtandao wa Irembo.

Ukihamia, jitambulishe kwa mkuu wa mudugudu. Hii ni ngazi ya chini kabisa, kama balozi wetu wa nyumba kumi wa zamani lakini mwenye kazi nyingi zaidi: anajua nani analala wapi, anasimamia michango ya ulinzi wa usiku na ya taka. Watu wengine hawapendi kujulikana kiasi hicho. Mimi nilipougua malaria peke yangu, mke wa mkuu wa mudugudu ndiye aliyegonga mlango na uji.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, ni umuganda. Maduka yanafungwa, magari yanapungua karibu yaishe, na watu wanatoka na majembe, fyekeo na mabeseni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umuganda ndio jembe lenyewe. Sheria inawataka Wanyarwanda, mgeni anakaribishwa, nami nakusihi utoke. Mara yangu ya kwanza tulizibua mtaro Nyamirambo. Mbele yangu alikuwepo mwalimu, nyuma daktari wa meno, pembeni kijana wa moto, wote matope hadi magotini, na hakuna aliyesimama kuangalia. Kazi ikiisha mnakaa kwenye nyasi mnaongea habari za mtaa: taa iliyozimika, mtoto asiyekwenda shule. Nilisimamishwa nikajitambulisha. Wateja wangu watatu wa kwanza wa rejareja niliwapata kwenye nyasi zile.

Hatua ya 8: Sajili kampuni, halafu ilishe

Kusajili kunafanywa kwenye mtandao wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliyoundwa mwaka 2008 kwa kuunganisha ofisi zilizokuwa zikimtembeza mwekezaji mlango kwa mlango. Unafungua akaunti, unachagua jina, unaweka nakala za pasipoti za wanahisa na wakurugenzi, unaandika anwani na shughuli. Hakuna ada, hakuna kima cha chini cha mtaji kwa kampuni ya kawaida, na mgeni anaweza kumiliki hisa zote. Karatasi zikiwa sawa cheti kinatoka ndani ya siku moja ya kazi, kikiwa na namba ambayo pia ndiyo namba yako ya mlipa kodi. Katika orodha ya mwisho ya Benki ya Dunia ya urahisi wa kufanya biashara, ile ya 2020, Rwanda ilikuwa ya 38 duniani na ya pili Afrika baada ya Mauritius.

Urahisi huu umewaumiza wengi. Mtu anasajili kwa furaha, anapiga picha cheti, anarudi Mwanza kutafuta mtaji. Kampuni imeshazaliwa na inadai. Kila kipindi cha kodi unatakiwa kuwasilisha taarifa kwa Mamlaka ya Mapato, RRA, hata kama hukuuza kitu. Unaandika sifuri, lakini unaandika. Usipowasilisha faini zinajilimbikiza kimya kimya. Usisajili hadi uwe na duka, mzigo na mtu wa hesabu.

Mambo ya kupanga mapema:

- Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na kujisajili ni lazima mauzo ya mwaka yakizidi kiwango kilichowekwa.
- Kodi ya mapato ya kampuni ilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 30 hadi 28.
- Leseni ya biashara unalipia kila mwaka kwenye wilaya unakofanyia shughuli, kwa kila tawi.
- Mashine ya risiti, EBM, ambayo siku hizi ni programu ya kompyuta au simu, iwe tayari siku unayofungua mlango. Tangu 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti yenye namba yake ya simu anarudishiwa sehemu ya kodi hiyo, kwa hiyo mteja wa mafungu mawili ya nyanya ataidai bila aibu.
- Ukimwajiri mtu, andika mkataba na mchangie mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB. Mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 mwanzoni mwa 2025, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi.

Mtu wa hesabu usimtafute kwa bei. Mtafute anayekupigia simu siku tano kabla ya tarehe ya mwisho.

Hatua ya 9: Kwa anayekwenda kutembea tu

Kigali inatosha siku mbili. Kunywa ikivuguto, maziwa ya mgando, kwenye vilabu vya maziwa, kula mishikaki ya mbuzi na viazi, panda mlima kwa miguu asubuhi. Kisha toka. Akagera iko mashariki, njiani kabisa kwa anayetoka Rusumo. Simba walikuwa wameisha, wakarudishwa mwaka 2015, na faru weusi 2017. Nyungwe, kusini magharibi, ni msitu wa mvua wenye sokwe na daraja linaloning'inia juu ya miti, na uliingia urithi wa dunia mwaka 2023. Kwenda kuwaona sokwe wa milimani, yaani gorila, wa Musanze ni dola 1,500 kwa mgeni wa kawaida, ila kuna bei ya chini kwa raia wa Jumuiya, kwa hiyo uliza RDB wewe mwenyewe kabla ya kumlipa mtu wa kati.

Hatua ya 10: Yatazame na haya

Utulivu wa ndani una jirani asiye na utulivu. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025, na makombora yaliangukia Rubavu, mji wa Rwanda unaopakana nao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawaunga mkono waasi hao, serikali ya Rwanda inakana. Mpaka na Burundi Bujumbura iliufunga Januari 2024. Anayepanga kusambaza mzigo Goma au Bujumbura kupitia Kigali aulize hali ya mpaka wiki ile ile, na asiweke mtaji wote kwenye njia moja.

Na siasa za nchi ni za wenyewe. Rais Kagame alitangazwa mshindi mwaka 2024 kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura, na kuikosoa serikali hadharani kule kuna gharama ambayo mgeni hawezi kuibeba. Anayeishi kwa kusema kila analofikiri barazani, kama tunavyofanya vijiweni kwetu, atabanwa. Nawaambia hivi hasa vijana, maana simu inasafiri nao.

Siku ya kurudi

Ukifunga biashara, ifunge kwa karatasi: ondoa kampuni RDB, funga faili la kodi RRA, chukua barua ya kuthibitisha hudaiwi. Toa fedha zako MoMo na uzibadilishe kabla ya Nyabugogo, kwa sababu kubadilisha faranga Kahama ni hasara tupu. Muage mkuu wa mudugudu. Ukifika Rusumo, jengo litakuwa upande wa Tanzania safari hii; sogeza saa mbele, na uliyeshika usukani, rudi kushoto kabla ya kilima cha Benaco.